Rakaa Mbili au Nne: Swala katika Miji ya Mpakani

Adhuhuri moja, katika msikiti wowote wa Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, watu wawili waliochelewa jamaa wanaweza kuingia pamoja, kila mmoja akatafuta nguzo yake na kuswali peke yake. Mmoja akaswali rakaa nne, mwingine mbili, na wote wawili swala zao zikawa sahihi. Wa kwanza ana duka la vitambaa hapo mjini. Wa pili ameshuka kwenye lori lililopakia mzigo bandarini Mombasa na linasubiri kuvuka kwenda Kampala, Kigali au Bunia.

Vitabu vyetu vya kufundishia swala huanza na mtu aliye kwao, mwenye maji, aliyezoea kibla cha msikiti wa mtaa wake. Msafiri huja baadaye, katika mlango mfupi ambao wanafunzi wengi wa madrasa huupita haraka kwa sababu hauwahusu bado. Naamini mpangilio huo unafaa Lamu na unafaa Mumias, lakini katika miji hii miwili ya mpakani unawaacha waumini wengi bila jibu la swali linalowakabili mara tano kwa siku. Hapa swali la namna ya kuswali hutanguliwa na jingine: wewe ni nani hapa, mkazi au mpita njia? Anayekosea jibu hilo anaweza kusoma Alfatiha vizuri kabisa na bado idadi ya rakaa zake ikawa na kasoro.

Kuna mambo ambayo safari haiyagusi. Kitabu cha Safinatun Najaa, ambacho vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimekisoma madrasani, kinahesabu nguzo 17 za swala: kuanzia nia, takbira ya kuhirimia, kusimama kwa anayeweza na Alfatiha, kupitia rukuu, itidali, sijda mbili na kikao baina yake, hadi tahiyatu ya mwisho, kumswalia Mtume, salamu na kufuata mpangilio. Nne kati ya hizo ni utulivu: katika rukuu, itidali, sijda na kikao baina ya sijda mbili. Ni nguzo, si pambo. Msingi wake ni kisa mashuhuri cha mtu aliyeswali mbele ya Mtume (s.a.w.) akarudishwa mara tatu akaswali upya, kwa sababu hakuupa mwili nafasi ya kutulia katika kila kituo. Nasisitiza jambo hili kwa makusudi. Mpakani adui mkubwa wa swala ni haraka: injini inanguruma, tanboi anapiga mluzi kwamba foleni imesogea, na mtu anainuka kutoka rukuu kwenda sijda bila kusimama wima. Ruhusa ya kupunguza rakaa ipo, ila hakuna ruhusa ya kupunguza utulivu. Mwenye haraka apewe rakaa mbili zilizotulia, si nne zilizokimbizwa.

Alfajiri na magharibi nazo hazipunguzwi. Alfajiri ni mbili popote, magharibi ni tatu popote. Zinazopunguzwa ni adhuhuri, alasiri na isha peke yake.

Wakati ni sharti, na hapa ndipo dereva atokaye pwani hukosea bila kujua. Saa ya Kenya hufuata mstari wa longitudo 45, unaopita Somalia. Mombasa iko karibu longitudo 39.7, Busia na Malaba ziko karibu 34, na kila digrii moja ya kwenda magharibi huchelewesha jua kwa dakika 4. Kwa hiyo jua la Mombasa hupinduka, kwa wastani wa mwaka, yapata saa 6:21 mchana, ilhali la Busia hupinduka yapata saa 6:43. Mtu aliyebeba ratiba ya swala ya Mombasa akaadhini Malaba saa 6:25 ameswali adhuhuri kabla ya wakati wake, na faradhi iliyoswaliwa kabla ya wakati haihesabiki. Katika Ramadhani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu anayefungulia adhana ya redio ya pwani akiwa Malaba amekula na jua bado halijatua. Akivuka akafika Kampala aongeze dakika 6 hivi.

Hata kwa mkazi ratiba haisimami mahali pamoja mwaka mzima, ingawa tuko karibu na Ikweta na mchana wetu hauna msimu mrefu wala mfupi. Mapema Novemba adhuhuri ya Busia huingia karibu saa 6:27, na katikati ya Februari huwa imesogea hadi karibu saa 6:58. Alasiri kwa madhehebu ya Imamu Shafi, yanayofuatwa na wengi wetu, huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, ukiongeza kile kivuli kilichokuwapo jua lilipokuwa kichwani. Machi 22 na Septemba 22 jua la Busia hupita utosini na kivuli cha adhuhuri karibu kutoweka, na siku hizo alasiri huingia saa tatu kamili baada ya adhuhuri. Wafuasi wa Imamu Abu Hanifa, wakiwemo Waislamu wengi wenye asili ya Bara Hindi katika biashara ya usafirishaji, husubiri kivuli kifike mara mbili, yaani zaidi ya saa nzima baadaye. Baina ya magharibi na isha ni dakika 70 hadi 80 tu. Wekundu wa machweo huku kwetu hauchelewi kuondoka, na anayesema atakula kwanza ndipo aswali magharibi asikae sana mezani.

Kibla nacho. Kutoka Mombasa, Makka iko kaskazini karibu moja kwa moja. Kutoka Busia na Malaba iko kaskazini ikiegemea mashariki kwa digrii 14 au 15. Tofauti hiyo si ndogo kwa madhehebu ya Shafi, ambayo hutaka mtu akusudie Kaaba yenyewe, si upande wake tu kama wanavyoridhika wengine. Dereva atokaye Bungoma kuelekea Malaba huwa anaelekea magharibi, hivyo kibla chake kiko mkono wa kulia wa barabara. Anayerudi kutoka Uganda kiko kushoto kwake. Atakaye uhakika usiohitaji simu angoje Mei 27 au 28 saa 6:18 mchana, au Julai 15 au 16 saa 6:27. Nyakati hizo jua huwa juu ya Kaaba kabisa, na kwa kuwa Makka na Kenya zinatumia saa moja, hakuna hesabu ya kugeuza. Simamisha mti wima, kisha angalia kivuli: kibla ni upande ulio kinyume chake. Ningependa kila msikiti wa kando ya barabara hii ufanye zoezi hilo mara moja na kuchora mstari sakafuni, kisha uchore mwingine katika uwanja wa nje ambako wasafiri huswali.

Udhu wa mpakani una mitihani yake, na wa kwanza ni grisi. Mafuta mazito yaliyoganda juu ya ngozi huzuia maji kufika, na udhu haukamiliki mpaka yaondolewe. Weusi uliobaki ndani ya mistari ya vidole bila kuwa na mwili hauna neno. Mtihani wa pili ni msongamano. Kwa madhehebu ya Shafi ngozi ya mwanamume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake, udhu wa wote wawili umevunjika, hata pasipo matamanio. Sasa mfikirie mama anayehesabiwa chenji na mbadilisha fedha, au kijana anayepenya katika umati wa wavushaji mitumba na maharagwe. Wanaobaki katika madhehebu hayo watawadhe tena karibu na wakati wa swala, badala ya kutawadha asubuhi na kutumaini. Madhehebu ya Hanafi hayahesabu mguso huo kuwa unavunja udhu, na yapo mashehe wanaowaelekeza wenye dhiki huko. Naiona ni rehema, mradi mtu asichukue jepesi la kila madhehebu akajengea udhu mmoja usiokubaliwa na yeyote.

Kutayamamu ni ruhusa ambayo huku hutumiwa kupita haki yake. Nchi hii ya Mto Sio na Mto Malaba si jangwa. Maji yakiuzwa kwa bei ya kawaida ya mahali hapo na mtu anayo fedha iliyozidi mahitaji yake, ni wajibu ayanunue. Akiuziwa kwa bei iliyopandishwa kwa sababu ya foleni, hapo hawajibiki kununua. Madereva wazoefu hutembea na jerikeni ya maji nyuma ya kiti, na jerikeni hiyo huwaepusha na mjadala wote.

Tuingie safarini.

Tangu Februari 2018, marais wa Kenya na Uganda walipofungua rasmi Kituo cha Pamoja cha Mpakani huko Busia, mtu hugongewa mihuri ya nchi zote mbili upande anaoingilia. Kwa serikali, kuvuka ni tukio kubwa. Kwa fikihi si chochote. Mstari wa mpaka haumfanyi mtu kuwa msafiri wala haumrudishii ukazi. Mama wa Busia anayevuka kununua mahindi Busia ya Uganda na kurudi jioni anaswali rakaa nne kote kote, ingawa amekanyaga nchi mbili. Jirani yake aliyepanda matatu kwenda Kisumu, zaidi ya kilomita 100, ni msafiri kamili bila kutoka Kenya. Kipimo ni marhala mbili, yaani kilomita 81 hivi kwa hesabu inayofundishwa zaidi, na wapo wanaofikisha 89. Kutoka Busia hadi Malaba, kilomita 30 hivi, hakupunguzi kitu. Ibn Taymiyya hakuona umbali maalumu, na akasema safari ni ile ambayo watu kwa desturi yao huiita safari. Rai hiyo ina watetezi wengi leo miongoni mwa waliosoma Madina. Lakini hata kwa desturi, sidhani kuna mtu wa Busia anayeaga familia yake anapokwenda Malaba.

Kuna faida nyingine katika vitabu vya Shafi ambayo ni kana kwamba iliandikwa kwa ajili ya Busia. Mtu huanza kupunguza anapoyapita majengo ya mji wake. Na vijiji viwili vilivyoshikana kidesturi, wakasema mafakihi, ni kijiji kimoja hata vikitofautiana majina. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda zimeshikana, watu wake wanaozeana na kuzikana. Kwa kanuni hiyo mkazi wa Busia aendaye Kampala hapunguzi akiwa kituo cha forodha wala akiwa mitaa ya upande wa pili. Asubiri mpaka nyumba za mwisho za Busia ya Uganda ziwe nyuma yake. Mpaka uliochorwa na wakoloni haukuukata mji katika hesabu ya swala.

Swali gumu kuliko yote ni la foleni. Mwaka 2020, upimaji wa korona ulipowekwa kuwa sharti la kuvuka, malori yalipangana Malaba kwa makumi ya kilomita kurudi nyuma, na madereva wakalala njiani siku nyingi. Januari 2022 hali ikajirudia. Je, mtu aliyekwama siku sita bado ni msafiri?

Kwa Shafi jibu linategemea anachokijua moyoni mwake. Akifika akiwa na yakini kwamba atakaa siku nne kamili au zaidi, bila kuhesabu siku ya kufika na ya kuondoka, basi amekuwa mukimu, yaani mkazi, tangu alipofika, na swala zake ni nne nne. Akiwa anatarajia kila siku kwamba leo au kesho karatasi zitatoka, ana ruhusa ya kupunguza hadi siku 18. Msingi wake ni ukaaji wa Mtume (s.a.w.) Makka mwaka wa ufunguzi, ambao riwaya moja huuhesabu siku 18 na nyingine 19. Kwa Hanafi mpaka wa nia ya ukazi ni siku 15, na asiyejua ataondoka lini hupunguza hata miezi ikipita. Tena foleni ina hali yake: lori linalosogea kidogo kidogo kutoka pande za Bungoma kuelekea Malaba halijatua mahali pamoja, na mwenye lori bado yuko njiani. Kwa hiyo dereva wa kawaida katika foleni ya kawaida hupunguza bila wasiwasi. Anayepaswa kuswali kamili ni yule aliyeambiwa wazi na wakala wake wa forodha kwamba mzigo umezuiwa hadi wiki ijayo, akapanga chumba na kutulia.

Yupo pia dereva mwenye nyumba mbili, mke mmoja Changamwe, Mombasa, na mwingine Malaba. Hili huulizwa kwa sauti ya chini, nami naona lisemwe wazi. Kwa rai sahihi zaidi ya Shafi, kupita tu mahali ambapo mtu ana mke au jamaa hakumfanyi mukimu ikiwa hapo si makao yake na hakunuia kukaa siku nne. Kwa Hanafi mji aliooa na kumweka mke ni mji wake, akiingia ataswali kamili hata kama atalala usiku mmoja. Wengine hudhani kwamba anayesafiri mwaka mzima hana tena ruhusa kwa kuwa safari ndiyo kazi yake. Si hivyo kwa jumla. Rai hiyo imesemwa na Imamu Ahmad juu ya nahodha anayeishi chomboni na familia yake, asiye na kwao pengine, na dereva mwenye nyumba ya kurudi hayumo humo.

Ruhusa ya pili ni kukusanya: adhuhuri na alasiri pamoja, magharibi na isha pamoja. Alfajiri haikusanywi na yoyote. Anas amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) akiondoka kabla ya jua kupinduka aliichelewesha adhuhuri hadi wakati wa alasiri, kisha akashuka akaziswali zote mbili. Dereva anaweza kupanga vivyo hivyo. Ikiwa zamu yake ya kupimwa mzigo iko alasiri, atangulize zote mbili adhuhuri, akinuia kukusanya akiwa katika ile ya kwanza, akifuata mpangilio na bila kuachanisha kwa muda mrefu. Ikiwa wakati wa adhuhuri utamkuta usukani baina ya Eldoret na Malaba, anuie kuichelewesha kabla wakati wake haujatoka. Asiyenuia akaiacha ipite tu ana dhambi ya kuchelewesha, na iliyobaki kwake ni kadha. Wahanafi hawakusanyi ila Arafa na Muzdalifa, na Mshafi asimlaumu Mhanafi anayemwona akishuka mara mbili.

Na wakazi? Mvua za alasiri za kanda hii ya ziwa ni nzito, na Shafi ameruhusu wanaotoka mbali kuja jamaa msikitini kukusanya kwa kutanguliza mvua inaponyesha. Zaidi ya hapo kuna riwaya ya Ibn Abbas kwamba Mtume alikusanya Madina bila hofu wala mvua, na baadhi ya wanavyuoni, Ibn al-Mundhir akiwa mmoja wao, wakaichukua kuwa ruhusa ya haja isiyofanywa mazoea. Karani wa forodha aliyebanwa na msafara mmoja wa malori anaweza kujistiri humo. Anayekusanya kila siku kwa sababu biashara iko moto amejipa cheo cha msafiri ambacho hana.

Jamaa ya mchanganyiko inahitaji imamu anayesema. Msafiri akimfuata imamu anayekamilisha, naye atakamilisha nne, hata akimdiriki katika tahiyatu ya mwisho. Imamu akiwa ndiye msafiri, wakazi watasimama baada ya salamu yake na kumalizia zilizobaki. Sayyidna Umar alipokuwa akiswalisha Makka aliwatangazia wenyeji kwamba yeye na wenzake ni wasafiri, nao wakamilishe. Tangazo la namna hiyo lingeondoa fujo inayoonekana pale nusu ya safu inapotoa salamu na nusu inapoduwaa. Na dereva anayehofia dizeli yake kunyonywa au mzigo kuibwa ana udhuru wa kutoenda jamaa. Aswali kando ya lori kwa zamu na tanboi wake, amesimama, ameelekea kibla. Faradhi haiswaliwi kwa kukaa kitini na mtu anaweza kushuka.

Ijumaa ina utata zaidi. Msafiri si wajibu kwake, akihudhuria inamtosha. Lakini Shafi anashurutisha wanaume 40 wakazi wa kudumu, na wasafiri hawatimizi idadi hiyo. Msikiti mdogo wa Malaba waweza kufurika madereva na bado wenyeji wake wasifike 40. Mashehe wengi hufuata hapo rai zinazotosheka na wachache, na mimi naona ni sawa kuliko kuuacha mji bila Ijumaa. Mzozo mwingine ni wa msafiri anayetaka kukusanya alasiri na Ijumaa: Shafi anakubali akitanguliza, Hanbali wanakataa. Asiyetaka mgogoro aswali adhuhuri yake rakaa mbili na alasiri mbili, aendelee na njia.

Wanawake wavushaji bidhaa ndio wanaoachwa nyuma katika yote haya. Swala yao ni ile ile na nyakati ni zile zile, lakini hawana lori la kujisitiri wala jerikeni nyuma ya kiti. Msikiti wa mpakani usio na mlango wa wanawake na bomba lao la maji umewafungia faradhi, na kamati yake itaulizwa juu ya hilo.

Usiku wa safari huiba alfajiri. Mtume (s.a.w.) na masahaba wakirudi kutoka Khaybar walilala, Bilal aliyewekwa zamu naye akapitiwa, jua likawaamsha. Wakasogea kidogo kutoka mahali pale, wakaadhini na kuswali. Dereva aliyeamka Malaba jua limeshapanda hana dhambi ikiwa alichukua hadhari, ila aiswali mara anapokumbuka, asingoje alfajiri ya kesho. Swala ya rakaa nne iliyompita njiani akiilipa angali njiani anaweza kuilipa mbili. Akifika nayo nyumbani Mombasa, ailipe nne. Na iliyompita nyumbani kabla hajaondoka ni nne hata akiikumbuka yuko Kigali.